Usukani unaotetemeka, kuvuta na kuwa mzito: alaimenti iwe hatua ya mwisho

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba gari uliloagiza kutoka Japani linatetemeka usukani linapofika kilomita 80 kwa saa, linavuta kushoto, linakuwa gumu kukata kona wakati wa kuegesha, na kwamba fundi amekushauri ununue stelingi reki nzima, yaani chuma chenye meno kinachopeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu ya mbele. Mimi niko hapa Arusha, na gari langu lilikuja na dalili hizo karibu zote, lakini reki yake haijaguswa hadi leo. Nakusihi usitoe fedha hiyo kabla dalili hizo hazijachunguzwa moja moja, kwa sababu kila moja inaweza kuwa na chanzo chake.

Anza na matairi. Magari haya hukaa muda mrefu yakiwa yamesimama, yadini na bandarini, na tairi lililobeba uzito mahali pamoja kwa miezi huweza kupata bapa ambalo halionekani kwa macho. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2316, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kisha pima upepo asubuhi kabla ya kutembea, ukifuata kibandiko ambacho mara nyingi kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, wala si kiwango kikubwa kilichoandikwa kwenye tairi lenyewe. Upepo mdogo katika matairi ya mbele peke yake unatosha kuufanya usukani uwe mzito, na ukipungua upande mmoja, gari litavuta upande huo.

Mtetemo unaoanza kwenye mwendo fulani na kupungua ukiupita, mara nyingi ni suala la kubalansi matairi, yaani kusawazisha uzito wake kwa kuzunguka. Kabla ya kwenda kubalansi, osha rimu upande wa ndani, maana msimu wa mvua udongo wa barabara zetu za mitaani hugandamana humo na kukauka, na kipande kidogo tu kinatosha kuitikisa stelingi ukishaupita mji wa Usa River, njia ya Moshi, na kuongeza mwendo. Ikiwa mtetemo unakuja pale tu unapokanyaga breki, yaache matairi na ukague diski za mbele.

Kuhusu kuvuta, kumbuka kwamba tunaendesha upande wa kushoto na barabara huinamia pembeni ili maji yatiririke, hivyo gari zima kabisa linaweza kuelekea kushoto polepole ukilegeza mikono. Ukiona linavuta kwa nguvu, badilishana matairi ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto lije kulia, mradi yasiwe yale yenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia upande wa pili, mkosaji ni tairi. Usipobadilika, endesha kidogo bila kutumia breki sana, kisha simama na usogeze kiganja karibu na kila rimu. Iliyo na joto kuliko mwenzake inaonyesha breki inayong'ang'ania.

Sehemu ninayotaka uisimamie mwenyewe, hata kama hujui ufundi, ni ukaguzi wa viungo. Gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yazuiwe, na baada ya kuinuliwa kwa jeki likalishwe juu ya stendi. Shika tairi la mbele kulia na kushoto ulitikise: likicheza, shuku tairodi endi (kiungo cha nje cha fimbo inayounganisha reki na gurudumu) au kiungo cha ndani kinachoingia kwenye reki. Lishike juu na chini: likicheza, mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa, na mchezo ukitoweka, tatizo ni beringi, lakini ukibaki, shuku boljointi, yaani kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa sasipenshi. Kisha gari lishushwe chini, mtu autikise usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, na fundi aguse kila kiungo kwa mkono, kwani kilicholegea hujitangaza kwa mgongano mdogo unaosikika vidoleni. Kwangu ilikuwa tairodi endi ya kushoto, spea ya bei ndogo sana ukilinganisha na reki.

Uzito uliobaki baada ya upepo kuwekwa sawa unategemea aina ya mfumo. Kama ni wa haidroliki, tazama kiwango cha oili ya stelingi, mkanda wa pampu, na kama kuna sauti ya kulia unapokata kona hadi mwisho. Oili yenye povu imeingiwa na hewa, na hewa hiyo inahitaji kutolewa. Tumia oili iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha gari, wala usiushikilie usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Kama ni wa umeme, hakuna pampu wala oili ya kuuziwa: pima betri kwanza, tazama taa ya stelingi kwenye dashibodi, kisha gari lisomwe kwa kompyuta.

Alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, ifuate baada ya hayo yote, kwa kuwa vipimo vinavyowekwa juu ya kiungo kilicholegea vitahama kwenye tuta la kwanza. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, hakikisha usukani umefungwa ukiwa umenyooka kabla tairodi hazijarekebishwa, na ulijaribu gari barabarani kabla hujalipa.