Kanda za sauti bila video: filamu itawezekana?

SWALI: Nina kaseti za mahojiano na mwimbaji wa roki aliyefariki baada ya kusumbuliwa na dawa za kulevya. Video sina. Nifanyeje?

JIBU: Inawezekana, tena sauti tupu humsogeza mtu karibu zaidi. Mwaka 2006 mtengenezaji filamu AJ Schnack alimchora katika filamu Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya roki ya Nirvana, kwa sauti ya mahojiano ya zaidi ya saa 25 aliyofanyiwa na mwandishi Michael Azerrad, huku zikionyeshwa picha za Aberdeen, Olympia na Seattle, miji ya Marekani alikoishi Cobain.

Safisha hedi ya deki (kichwa kinachosoma kanda) kwa pamba na spiriti, iache ikauke. Peleka kaseti mbele hadi mwisho, irudishe, ndipo urekodi kwenye kompyuta: faili la WAV (sauti isiyobanwa), biti 24, kilohezi 48. Sauti ikiwa butu, rekebisha kwanza skrubu inayonyoosha hedi. Ukikimbilia programu ya kuondoa mlio wa "shhh" wa kanda, itameza pumzi za mwimbaji, na ukaribu wote umo humo. Anapozungumzia dawa, tafadhali usimwekee muziki wa majonzi. Mwache amalize, na ukimya wake uubakize.

Nyimbo zake zahitaji ruhusa mbili, ya utunzi na ya rekodi. Schnack hakutumia hata wimbo mmoja wa Nirvana.