Ada ya mkazi wa California kwa aliyehamia Texas

Ndugu, umeuliza kama bado unaweza kulipa ada ya mkazi ukisomea udaktari California ilhali umehamia Texas. Kwa kuwa ulisoma sekondari California kwa miaka 3 kamili na kuhitimu huko huko, kuhamia kwako Texas hakujakunyima nafasi: sheria ya California iitwayo AB 540, iliyopitishwa mwaka 2001, inakuondolea ada ya ziada wanayotozwa wasio wakazi katika vitivo vya udaktari vya Chuo Kikuu cha California, hata kama hujarudi kuishi huko. Haimhusu mwenye viza ya mwanafunzi. Nakusihi uombe mapema nakala za matokeo yako ya sekondari, kwa maana msamaha huo hutolewa baada ya kujaza fomu na kuthibitisha masomo hayo. Zingatia pia kwamba kusamehewa ada hakukufanyi mkazi, hivyo usijiandikishe kama mkazi katika maombi.