Ukitaka sauti ya roki, anzia kwa soketi

Karibu kila wiki kuna kijana ananiuliza anunue pedali gani ya gita ya stima, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti, ndio apate ile sauti nzito ya roki, na mimi kabla sijajibu namuuliza, soketi za nyumba yenu ziko na waya ya athi, ile inayoingia ardhini? Wengine wanadhani nawazungusha lakini hapana, nauliza ju nimelipia hilo somo.

Ampu yangu ya kwanza ya maana, ile mashine gita huchomekwa ndio itoe sauti, ililetwa na binamu yangu kutoka Marekani, ya wati 15, ya valvu, zile taa za glasi zinazowaka rangi ya chungwa ndani. Aliibeba kwa sanduku imezungushiwa masweta. Nilikua nimeingoja miezi saba, kwa hivyo haikufika hata saa moja nikawa nimekata plagi yake na kuweka yetu ya pini tatu, nikachomeka, nikabonyeza swichi. Valvu ziliwaka kwa nguvu ajabu, nikaskia pwaa, halafu harufu. Kule kwao stima ya nyumbani ni volti 120, huku kwetu ni 240, yaani niliilisha mara mbili ya kile tumbo lake lingebeba. Fundi mmoja pale Luthuli Avenue, Nairobi, aliifungua akanionyesha fyuzi imekua nyeusi tititi na transfoma imeiva. Nilikaa hapo kwa stuli yake nikishindwa nitamwambia binamu nini.

Kwa hivyo kabla ununue ampu yoyote iliyotoka nje, igeuze usome nyuma. Ikiandikwa 100-240 uko salama, ikiandikwa 120 peke yake unahitaji stepudauni, kile kikasha cha kushusha volti, na hiyo stepudauni iwe na wati nyingi kuliko zile ampu inakula kutoka kwa ukuta, hizo pia zimeandikwa hapo nyuma na ni tofauti na wati za spika. Fyuzi ikiungua weka nyingine ya namba ile ile. Nimeona watu wakizungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ndio shoo iendelee, tafadhali usifanye hivyo, fyuzi ndio inakufa mahali pako. Na ju stima yetu hupotea na kurudi kwa kishindo, nunua kile kikasha watu huchomekea friji, kinachongoja dakika kadhaa stima itulie kabla kiiruhusu kupita. Mimi sichomeki kitu bila hicho.

Sasa hiyo athi. Nyumba nyingi za kukodi soketi iko na mashimo matatu lakini nyuma yake hakuna waya wa tatu umeunganishwa. Dalili utaiskia kwa vidole, ukigusa nyuzi unahisi kama mchwa wanatembea, na gita inanguruma hadi ushike nyuzi ndio inyamaze kiasi. Hiyo ya kunguruma inaudhi tu. Kubwa ni kwamba siku moja kwa mazoezi nilisongea maiki niimbe kiitikio, mkono uko kwa nyuzi, mdomo ukagusa chuma ya maiki, nikapigwa nikarudi nyuma hatua mbili. Maiki ilikua imechomekwa upande mwingine wa ukumbi na ampu yangu haikua na athi. Watu wamekufa hivyo. Lipa fundi wa stima apime kabla ulipie pedali.

Tukishamaliza ukuta, twende ampu, na hapa ndio naomba uweke pesa nyingi kuliko mahali pengine popote. Watu wanaona gita ndio chombo, ampu ni spika tu ya kukuza sauti. La hasha. Ile sauti ya roki kuchanika ilizaliwa ndani ya ampu iliyosukumwa hadi ikashindwa kubeba. Jim Marshall alikua na duka la ala London, wateja wake wapiga gita wakawa wanalilia ampu ya kelele zaidi, na mwaka 1962 yeye na mafundi wake wakaichukua ramani ya Fender Bassman, ampu ya beisi ya Kimarekani, wakatengeneza yao. Jimi Hendrix alichomeka hapo, na Angus Young wa AC/DC hadi leo ni Gibson SG na Marshall, hana msururu wa mapedali miguuni.

Lakini usikimbilie wati 100. Kuongeza wati mara mbili kunakuongezea desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo, ukitaka iskike mara mbili kwa ukubwa unahitaji kama mara kumi ya wati. Wati 5 za valvu zinatosha kabisa kufanya keateka agonge mlango. Na ampu ya valvu inakua tamu ikifunguliwa sauti, sasa ukinunua wati 100 uishi nazo ghorofa ya tatu Umoja, utakua unaicheza kwa moja maisha yako yote, haitawahi kufika pale utamu uko. Kama unakaa kwa ploti yenye kuta nyembamba chukua ndogo ya transista, isiyo na valvu, yenye tundu la hedifoni, sio aibu. Ile ya valvu usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, transfoma ya kutolea inaweza kuungua.

Gita sitasema mengi. Gita ya bei ya chini iliyorekebishwa vizuri inashinda ya bei kali ambayo nyuzi zimeinuka kama kamba za kuanika nguo. Mpe fundi anyooshe shingo, achonge ile nati ya juu, kipande chenye mifereji ya nyuzi mwisho wa shingo, apange kila uzi uimbe sawa hadi pazia la 12, yaani kile kipau cha chuma cha 12 kwa shingo. Ukienda kupiga Mombasa beba seti ya pili ya nyuzi, chumvi ya hewa ile inazila haraka, na usishangae shingo ikijikunja kidogo. Ukitaka gita iliyotulia bila ule mngurumo wa stima, tafuta yenye humbaka, kile kinasa sauti chini ya nyuzi chenye koili mbili, kila moja ikifuta kelele ya mwenzake. Na mwenye anasema hawezi kucheza ju hana gita ya jina, akumbuke Brian May wa bendi ya Queen alianza kuchonga yake na babake mwaka 1963, shingo ikatoka kwa mbao za fremu ya meko kuukuu, hiyo hiyo ndio ukiskia Queen unaiskia, imepitishwa kwa Vox AC30. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani Birmingham, akajitengenezea vifuniko vya plastiki na akahamia nyuzi nyembamba ndio aweze kuzibonyeza.

Sasa hii ya distoshoni, ule mchaniko wa sauti, niiseme polepole ju iliniuma. Kuna usiku tulicheza baa moja kando ya Ngong Road, na bendi ya benga ndio ilitutangulia. Mzee wa gita alikua na ampu ndogo kuliko yangu, sauti safi, hakuna pedali hata moja, na kila noti ilikua inafika hadi kwa wale wamesimama geti. Tukapanda sisi. Mimi nilikua nimejaza geini, ile nobu ya kuongeza mchaniko, hadi mwisho, besi juu, trebo juu, midi, yaani sauti za katikati, sufuri, ju nyumbani peke yangu hiyo ndio ilikua inaskika kama rekodi. Tulipomaliza dadangu akaniambia, nilikuona ukicheza lakini sikukuskia. Nikaenda kwa yule mzee nikamuuliza, na hakunicheka, akaniambia, "Kijana wangu, chini ni kwa beisi na ngoma, juu ni kwa masahani ya drami. Wewe nyumba yako ni katikati, na umehama."

Tangu hapo midi yangu haishuki chini ya nusu, na geini napunguza hadi nione kama imepungua sana, nikicheza na bendi naona kumbe iko sawa. Distoshoni ikizidi inabana noti zote ziwe kimo kimoja, pigo kali na pigo laini zinaskika sawa, mkono wako unapotea.

Pedali nazo, anza na tyuna ya kulinganisha nyuzi na ovadraivu moja, ya mchaniko mwepesi. Ukiongeza, mpango ambao haujaniangusha ni wawa inayofanya gita iseme wa-wa, fazi ya mchaniko mkali, ovadraivu, koras ya kunenepesha sauti, dilei ya mwangwi, na riva mwisho, ile ya kufanya uskike kama uko kwa ukumbi mkubwa. Dilei ikikaa kabla ya distoshoni, kila mwangwi unachanika juu ya mwenzake inakua uji. Adapta iwe ya volti 9 yenye hasi katikati, hakikisha kwa mchoro ulio kwa pedali yenyewe, na ukiunganisha nyingi jumlisha miliampu zake, za digitali hula zaidi. Dilei usikisie kwa sikio, gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, wimbo wa mapigo 120 unakupa milisekunde 500, na ukichukua robo tatu ya hiyo, 375, unapata ule mwangwi wa kukimbizana ambao The Edge wa U2 ameujengea maisha.

Ile ampu ya binamu iko hai. Fundi alitafuta transfoma ya 240, ikachukua miezi miwili, na sauti yake nikiifungua nusu bado hunifanya nisahau kula. Nyuma nimebandika karatasi nimeandika 240 kwa maka nyekundu, ju binamu anasema siku moja ataikujia arudi nayo.