Masika: tundu la choo, kisima na kiambaza

Assalamu alaikum. Tunakaa Sebleni, Unguja. Mvua ikizidi maji yanatutokea chooni kabla hayajafika mlangoni. Kila mwaka tunapanga viroba vya mchanga mlangoni lakini havitusaidii kitu. Tufanyeje?

Waalaikumu ssalamu. Kiroba cha mlangoni hakiwezi kuzuia maji yanayopita kwenye bomba. Karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, likijaa, au ardhi inayolizunguka ikishashiba maji, uchafu hurudi nyumbani na kutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote, aghlabu la choo cha kuchutama au la bafuni. Basi zibeni matundu kwanza. Tieni mchanga wa kilo tano hivi kwenye mfuko mzito wa nailoni, mfunge, mtie ndani ya mfuko wa pili, kisha muukandamize tunduni mpaka ujae pembe zote. Juu yake wekeni tofali la saruji, maana maji yanasukuma kwa nguvu. Kuanzia hapo choo hakitumiki; tumieni ndoo yenye mfuniko.

Mkishaziba ndani ndipo viroba vya mlangoni vitakapofaa. Jazeni nusu, au theluthi mbili kwa wingi. Kiroba kilichojaa pomoni hakilali, na maji hupenya ubavuni mwake. Mdomo ukunjwe chini ya kiroba chenyewe, msifunge kamba. Vipangwe kama matofali, kiungo kisikutane na kiungo, na kila safu ikanyagwe. Upande wa maji tandikeni nailoni, ncha yake ya chini ilaliwe na safu ya kwanza.

Meni swichi izimwe kabla maji hayajafika kwenye soketi. Ikiwa mmeshasimama majini, msiiguse tena. Tokeni na watoto, mpelekeeni habari Sheha, kiongozi wa mtaa wenu.

Jambo moja wengi hulikosea: mvua ikikatika tu wanaita gari la kuvuta karo. Subirini ardhi ikauke. Karo tupu lililozungukwa na udongo uliojaa maji husukumwa kutoka nje, na kuta zake huweza kuporomokea ndani.

Kisima chetu Fuoni kiliingia maji ya mafuriko. Sasa maji yameshatulia na ni meupe. Tuyanywe?

Hapana. Weupe hauonyeshi vijidudu vya kipindupindu. Chotani maji na tope mpaka kisima kisafike, sugueni kuta, kisha kiacheni kijae tena.

Pimeni upana wa kisima na kina cha maji kwa mita. Kwa kisima cha duara, upana mara upana, mara kina, mara 0.785: hiyo ndiyo mita za ujazo, na kila moja ni lita 1,000. Kisima cha upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 2 kina kama lita 1,570. Katika ndoo ya plastiki ya lita 20 ya maji safi, koroga gramu 50 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Unga utiwe kwenye maji, si maji kwenye unga, na kazi hiyo ifanyike uwanjani penye upepo. Kila lita 1,000 za kisima zinataka lita 10 za dawa hiyo, kwa hiyo kisima chetu cha mfano kitachukua kama lita 16. Kiacheni angalau nusu saa, usiku kucha ni bora, kisha mchote yote mpaka harufu kali iishe.

Lakini dawa huua kilichomo siku ile tu. Sehemu kubwa ya Unguja ni mwamba wa chokaa wenye nyufa, na maji ya karo la jirani hupita humo. Hata umbali wa mita 30 baina ya choo na kisima haukupi dhamana. Maji ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote dakika nzima, na mwendelee hivyo msimu wote wa mvua.

Nyumba yetu ya Wete, Pemba, ni ya miti na udongo. Maji yalisimama siku mbili, yameshatoka. Tunaweza kurudi kulala?

Bado. Kiambaza kilichoshiba maji ni kizito na udongo wake umeshalegea, na mara nyingi huanguka baada ya maji kuondoka. Chomeni kila nguzo kwa kisu pale inapoingia ardhini. Kisu kikizama bila taabu, nguzo imeoza. Egemezeni boriti kwenye ukuta ulioinama, mguu wake ukae juu ya ubao ili usididimie.

Bandueni udongo uliolowa mpaka shubiri moja juu ya alama ya maji, fito zipate upepo. Msipake saruji juu yake: haishiki kwenye udongo mbichi, na hufungia unyevu ndani mpaka fito zioze. Kandikeni upya fito zikishakauka kabisa.

Mfereji uchimbwe upande wa mlimani, mita moja au zaidi kutoka ukutani, kina cha sentimita 30. Ukiusogeza karibu, utachimbua msingi wenyewe. Udongo unaotoka ushindiliwe upande wa nyumba, maji yapate mteremko wa kwenda zake.

Godoro la sponji lililolowa maji ya chooni, likianikwa juani linafaa?

Halifai. Jua hukausha juu tu, uchafu unabaki katikati ya sponji. Litupeni. Mikeka na mashuka yafueni kwa sabuni, myaloweke kwenye maji ya moto, kisha myaanike juani.