Kijiko kimoja, kisha subiri: usiku mwanangu alipotapika na kuharisha

Ilianza saa nane usiku. Mwanangu, wakati huo ana mwaka na nusu, alitapika maziwa yote ya jioni, na kabla sijamaliza kubadilisha shuka akaharisha maji matupu. Hadi adhana ya alfajiri nilikuwa nimehesabu mara sita.

Mama mkwe alikuwa kwetu siku hizo. "Mwanangu, usihangaike, hayo ni meno," akaniambia. Nampenda mno na amenifundisha mengi ya ulezi, lakini kwa hili nawaomba wazazi wenzangu mnisikilize. Mtoto anayeota meno hutokwa udenda na kusumbua. Kuharisha maji mara sita kwa usiku mmoja si meno. Mara nyingi ni virusi vya tumbo, kama rota au noro, na kinachomwumiza mtoto zaidi ni kuishiwa maji mwilini.

ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukorogea maji, nilikuwa nayo. Nikakoroga pakiti nzima katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, nikamjazia kikombe. Kwa kiu aliyokuwa nayo akakigida chote, akatapika chote. Nikarudia, ikawa vilevile. Nikaamini kabisa kwamba ORS haimkubali.

Kulipokucha nikamgongea jirani yetu ambaye ni muuguzi. Swali lake la kwanza: "Unampa kwa kutumia nini?" Nikamwonyesha kikombe. Akachukua kijiko cha chai. Mtoto akitapika, alisema, subiri dakika kumi, kisha mpe kijiko kimoja. Baada ya dakika moja au mbili, kingine. Tumbo lililovurugika hukirudisha kikombe, lakini kijiko hupita bila kulishtua. Piga hesabu: kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hiyo kila baada ya dakika mbili, ndani ya saa moja mtoto amepata mililita 150. Mkono unachoka kweli. Tulipokezana, mimi na mama mkwe, mtoto akiwa mapajani. Saa tano asubuhi nepi ikalowa mkojo, wa kwanza tangu usiku, nikajikuta nalia.

Wengi huiacha ORS siku ya pili kwa sababu mtoto bado anaharisha. Jamani, ORS haikati kuharisha. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi vinavyopotea wakati mwili unapambana na virusi. Sukari iliyomo huusaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji huifuata chumvi. Ndiyo maana vipimo haviguswi: pakiti ya lita moja ikorogwe kwa lita moja, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Kama pakiti hakuna, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, vya mfuto, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Onja kwanza, yasizidi machozi kwa chumvi. Soda na juisi za pakiti acha kabisa, sukari yake nyingi huzidisha kuharisha. Madafu ni matamu na yana potasiamu, ila chumvi yake ni ndogo mno kushika nafasi ya ORS.

Pamoja na ORS tukampa zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku kumi (aliye chini ya miezi sita hupewa nusu yake). Usikatishe hata choo kikishakuwa kizuri. Kunyonya kuliendelea, na alipotulia akala uji na mtori, kidogo kidogo.

Duka la dawa nililokwenda walitaka kuniuzia Flagyl na vidonge vya kufunga choo. Nikakataa vyote. Flagyl ni dawa ya bakteria na vimelea, haiui virusi, na vidonge vya kufunga choo ni hatari kwa mtoto mdogo.

Nyumbani kuna mpaka wake. Macho yakididimia, utosi ukibonyea, akilia bila machozi, akikaa saa sita bila kukojoa, akilegea, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikarudi polepole, beba mtoto mwende kituo cha afya huku ukimpa vijiko njiani. Vivyo hivyo ukiona damu kwenye choo, au choo kama maji ya mchele, ambacho chaweza kuwa kipindupindu. Aliye chini ya miezi sita usimsubirishe hata kidogo.

Wangu alikuwa amechanjwa rota, chanjo ambayo Tanzania inaitoa tangu 2013, wiki ya 6 na ya 10. Haizuii kila kuharisha, lakini hupunguza sana ule ugonjwa mkali wa rota unaolaza watoto hospitalini, kwa hiyo msiiruke.

Mikono tuliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, maana vitakasa mikono vya spiriti haviwezi sana virusi vya noro. Sakafu na ndoo za nepi tulisafisha kwa Jiki. Hata hivyo siku ya tatu ikawa zamu yangu. Nililala na chupa ya ORS kando ya kitanda, nikinywa funda moja moja, na kesho yake jioni nikaweza kula wali mweupe.