Katuni zako zisiozee sandukuni

Wiki hii ninajibu wenye majarida na vitabu vya katuni nyumbani.

Naishi Tanga, jirani na bahari. Baba aliniachia majarida ya Sani ya miaka ya 1980. Yamo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, karatasi zimekuwa kahawia na pini zimeshika kutu. Nifanyeje?

Pole, na hongera kwa kuyatunza mpaka leo. Yatoe humo leo hii. Karatasi ya gazeti husagwa kutoka kwenye mbao pamoja na lignini yake, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, na lignini ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka kahawia. Asidi inayojijenga humo ndiyo inayoifanya karatasi ivunjike kama papadi. Ukahawia huo hauondoki. Kilichobaki ni kuuchelewesha. Adui mkubwa zaidi kwako ni unyevu. Karatasi hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 30 hadi 50; ukipita 65 kuvu huota, na pwani yetu hukaa juu ya hapo muda mwingi wa mwaka. Bati nalo hupoa usiku na kutoa jasho kwa ndani.

Tafuta kabati lililoegemea ukuta wa ndani, mbali na bafu na dirisha, na utumie rafu ya juu. Kila jarida lipate mfuko wake wa polipropilini au poliesta, na nyuma yake kadi ngumu isiyo na asidi. Plastiki ya PVC, ile laini yenye harufu kali, iepuke kabisa, maana huachia kemikali na kung'ang'ania wino. Yapange wima kwenye boksi, yakishikana kiasi cha kutopinda lakini yasibanane.

Pini usizivute. Fungua jarida katikati, nyanyua ncha mbili za pini kwa kisu butu hadi zisimame wima, kisha isukume itokee upande wa mgongo. Shona kwa uzi mweupe wa pamba ukipitia matundu yale yale. Jarida unalokusudia kuuza liache na pini zake, kwa sababu wakusanyaji hutaka zile za awali.

Kijana wa steshenari amenishauri nipige laminesheni majalada yote. Ni sawa?

Hapana, tafadhali usithubutu. Joto la mashine huiumiza karatasi, asidi huendelea kuila humo humo ndani, na plastiki ikishagandana na wino hakuna wa kuibandua. Selotepu ni ndugu yake: gundi yake hugeuka manjano, hupenya karatasi na kuacha doa la kudumu. Palipochanika, mfuko wenyewe na kadi vinatosha kupashikilia.

Naftalini inatosha kufukuza wadudu?

Mimi siipendi kabisa. Mvuke wake ni sumu kwa watu wa nyumbani, huharibu baadhi ya plastiki, na harufu hubaki kwenye karatasi. Mende na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha hufuata wanga, gundi na unyevu, kwa hiyo weka chumba kikavu na usile hapo. Mchwa hupanda kupitia sakafu na kuta. Acha nafasi nyuma ya kabati na ukague kila mwezi. Ukikuta wadudu hai, funga jarida kwenye mfuko usiopitisha hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa, usifungue mfuko hadi siku ya pili, la sivyo umande utatua kwenye karatasi.

Masika yameingiza maji ndani, katuni zangu zimelowa. Nizianike juani?

Jua litazikunja na kufifisha rangi. Zitandaze kivulini, washa feni, weka tishu za jikoni katikati ya kurasa na uzibadilishe kila zinapolowa. Una kama siku mbili tu kabla ya kuvu kuanza. Karatasi zinazong'aa ndizo za kushughulikia kwanza, kwani zikikauka zimefunikana hazitengani tena. Zikikuzidi wingi, zifunge kwenye mifuko na uzigandishe kwenye friza, kisha uzikaushe chache chache.

Nina nakala za jarida la Joe la Nairobi. Watoto wanataka kuzisoma, nami naogopa.

Waache wasome. Joe lilianzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, likafa 1979, na nakala zilizobaki majumbani ni hazina ya historia yetu. Mtoto asiyeijua hataitunza kesho. Wanawe mikono, waikaushe, jarida lilale mezani. Glovu za pamba hazihitajiki, maana vidole hupoteza hisi na kurasa huchanika. Kwanza piga picha kila ukurasa kwa simu, karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, kisha andika tarehe na namba ya toleo kwa penseli juu ya kadi, si juu ya jarida.