Dada wa Muyeye, usilipe kitu kabla hujajua cheti kinatambuliwa na nani

Hiyo pesa ya kushikia nafasi usiitume. Kama fomu umeshaichukua, iweke kabatini kwanza unisikilize.

Umesema binti yako amemaliza gredi ya 9, anapenda historia kuliko somo lolote, anataka kuwa mwalimu au wakili, na kuna shule ya sekondari ya Kikristo hapa Malindi iliyokuonyesha orodha ya masomo ya mtaala wa Marekani: Historia ya Dunia, Historia ya Marekani, Serikali, Uchumi, na Biblia kila mwaka. Ukauliza kama masomo hayo ni mazuri, karo ikoje, basi la shule linafika Muyeye au la, na kama mtoto atalazimishwa Biblia.

Orodha ile naijua. Mpwa wangu, mtoto wa dadangu, aliisoma yote kuanzia juu hadi chini na mimi ndiye niliyekuwa nalipa.

Masomo yenyewe si mabaya, na nalisema hili mapema watu wasije wakadhani napinga shule za kanisa. Mimi mwenyewe ni mtoto wa kanisa. Shule nyingi za Marekani humtaka mwanafunzi wa gredi 9 hadi 12 apate krediti kama tatu za masomo ya jamii, krediti moja ikiwa ni somo la mwaka mzima: mwaka mmoja historia ya dunia, mwaka mmoja historia ya Marekani, na mwaka wa mwisho nusu serikali, nusu uchumi. Shule ya Kikristo huyafundisha hayo hayo kwa jicho la imani, kwa hiyo mtoto atakutana na Konstantino na Amri ya Milano ya mwaka 313, na Luther wa 1517, kwa undani kuliko wenzake wengi. Akipata mwalimu hodari atanufaika sana. Sisi tuko Malindi, tuna nguzo ya Vasco da Gama aliyetia nanga hapa 1498, tuna kile kikanisa cha Wareno cha makuti, na Rabai walikokaa wamisionari Krapf na Rebmann tangu 1846 si mbali. Mwalimu anayejua kazi yake angekuwa na la kuwaonyesha watoto kila muhula.

Lakini hakuna aliyewatoa watoto wetu nje ya lile darasa, na hata hilo si kubwa. Balaa liko kwenye cheti.

Sikiliza vizuri hapa, maana hakuna aliyenieleza mimi. Marekani haina mtihani mmoja wa taifa wa kumaliza sekondari kama KCSE yetu. Cheti kinatolewa na shule yenyewe, na alama zote kwenye transkripti, ile karatasi ya masomo na alama za mtoto, zimewekwa na walimu wa shule hiyo hiyo. Sasa mtu wa nje atajuaje kwamba A ya shule hii ni A kweli? Kinachojibu swali hilo ni ithibati: kuna mashirika ya nje yanayoikagua shule, walimu wake, maktaba yake na namna inavyotahini, kisha yanasema hadharani kwamba shule hii tunaitambua. Kwa shule za Kikristo linajulikana sana ACSI, na yapo mengine kama Cognia yanayokagua shule za kila aina. Shule ikikosa ithibati, ile transkripti ni barua tu ya mwalimu mkuu, iwe na muhuri wa dhahabu au wa wino.

Tulipoenda kuandikisha, yule bwana wa ofisini nilimuuliza kwa mdomo wangu: shule inatambuliwa? Akasema, "Tumesajiliwa, mzee, usiwe na shaka." Akanionyesha karatasi ukutani ndani ya fremu. Kweli walikuwa wamesajiliwa. Kusajiliwa ni ruhusa ya kufungua mlango na kupokea watoto. Hakusemi lolote juu ya cheti atakachotoka nacho mtoto. Yule bwana alijua tofauti hiyo, kwa sababu mwaka wa mwisho wazazi walipombana aliieleza vizuri kabisa bila kusitasita. Aliinyamazia siku ya kupokea pesa, akaikumbuka siku ya kutoa cheti. Hadi leo nikipita barabara ile damu yangu inachemka. Alituona ni watu wa Malindi tusiojua mambo ya Marekani, akachukua nafasi hiyo.

Mpwa wangu, yule msichana, alimaliza. Transkripti ilikuwa ya kupendeza: historia ya dunia A, historia ya Marekani A, serikali A-. Tukaenda nayo chuo kikuu kuombea nafasi ya ualimu. Karani akaishika, akapitisha kalamu mstari kwa mstari, akaigeuza nyuma ambako hakukuwa na kitu, akairudia tena mbele. Akauliza, "Kiswahili kiko wapi?" Hakikuwepo. Mtoto amezaliwa Malindi, anaongea Kiswahili na Kigiriama, na karatasi yake haina Kiswahili hata gredi moja. Akauliza, "Na huu muhuri wa chini ni wa nani nje ya shule?" Hapo tukanyamaza sote watatu. Akatuambia kwa upole kwamba cheti cha mtaala wa kigeni lazima kilinganishwe rasmi na KCSE kabla chuo hakijakiangalia, na kwamba wa kulinganisha atauliza swali lile lile la muhuri. Tulikwenda, na kweli aliliuliza.

Kwa mwalimu jambo hili halina huruma. TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, inamtaka mwalimu wa sekondari awe na wastani wa C+ na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha, kwenye KCSE au cheti kilichokubaliwa kuwa sawa nayo. Uwakili nao: wanaoingia shahada ya sheria kwa KCSE hutakiwa kuwa na wastani wa C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili. Hizo ndizo ndoto mbili za binti yako, dada, ndiyo maana nimeshindwa kupita kimya.

Na lipo lingine lililofichwa ndani ya zile A. Shule yetu ilisomesha kwa vijitabu. Kila mtoto na dawati lake lenye kizuizi huku na huku, anasoma kijitabu, anajaza mapengo, akikwama anasimamisha kibendera kidogo juu ya dawati msimamizi aje. Historia ya mwaka mzima ni kujaza mapengo. Msichana aliweza kukutajia mabadiliko yote 27 ya Katiba ya Marekani, lakini hakuwahi kuandika ukurasa mmoja wa hoja. Ilibidi ajiandikishe KCSE kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa cheti chake cha KCPE cha kumaliza shule ya msingi, na hapo ndipo moto ulipowaka. Karatasi ya kwanza ya Historia na Serikali ni Kenya, ya pili ni Afrika na dunia. Kila moja ina alama 25 za maswali mafupi, halafu 75 zote ni maswali ya kueleza, alama 15 kila moja. Hujazi pengo hapo. Unaulizwa sababu, unaulizwa athari, unazitoa moja moja na kuzifafanua. Binti wa Kigiriama alikuwa anasoma upinzani wa Mekatilili wa Menza dhidi ya Waingereza wa 1913 na 1914 kwa mara ya kwanza, usiku, kwa taa, akiwa na umri ambao wenzake walishaingia chuo. Kaunti 47, Seneti, Katiba ya 2010 na sura zake 18, yote upya. Alipita, nashukuru Mungu, na sasa anasomea ualimu wa Historia na Kiswahili. Lakini ile miaka na ile karo hakuna aliyeturudishia.

Kwa hiyo kabla ya kulipa shilingi, waombe kwa maandishi jina la shirika lililowapa ithibati. Si picha ya nembo kwenye brosha. Jina. Kisha usiwaulize wao tena: ingia tovuti ya shirika lenyewe, wana orodha ya shule zao, utafute jina la shule pale. Wakikuambia "tuko kwenye mchakato", elewa kwamba kwa leo hawana. Halafu omba uone transkripti ya mtoto aliyemaliza, jina likiwa limefunikwa, uangalie kama Kiswahili kimo. Uliza pia kama wanafunzi hufanya AP, mitihani ya kiwango cha chuo inayotolewa na shirika la Marekani la College Board. Hiyo husahihishwa nje ya shule na hutoa alama kuanzia 1 hadi 5, na ipo ya historia ya dunia, ya historia ya Marekani na ya serikali. Shule inayowaandaa watoto kwa AP ina kitu cha kuonyesha kisichotegemea neno lake yenyewe. Shule nzuri za namna hii Kenya zipo. Ile ya Kijabe, Rift Valley Academy, iko tangu 1906, na shule kama hiyo haikasiriki ukiuliza maswali haya.

Wakianza kukuzungusha, kumbuka gredi ya 10 ya serikali ilianza Januari 2026 na ina mkondo wa Sayansi za Jamii, ambamo Historia na Uraia ni somo la kuchagua kama Jiografia na elimu ya dini. Mtoto apendaye historia hakosi pa kwenda.

Kuhusu kulazimishwa Biblia: Kifungu cha 32 cha Katiba kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo linalopingana na imani yake. Wape swali hilo nalo kwa maandishi, wajibu kwa maandishi.

Wakikupa jina la shirika, liweke hapa uzini kabla hujatuma pesa. Nitalitafuta mimi mwenyewe, na wengine humu waliopitia haya watanisaidia.